Majibu Yako Niliyoyaandika kwa Jina Langu

Baba Nafula,

Nimehamia Kitale. Siku hizi naitwa msimamizi wa mitambo ya kukaushia mahindi, mimi Nekesa uliyenifundisha pale ghala la Kanduyi kufunga mkanda wa feni bila kujikata vidole. Nina meza, nina kiti kinachozunguka. Nakalia kitu kisicho changu, na nimechoka kunyamaza.

Unakumbuka lile kundi la kuandikiana kwenye simu lilipoanzishwa. Kampuni ilitaka ghala zote ziulizane na kujibiana humo, badala ya kila mtu kuhangaika na shida yake peke yake. Lilikuwa wazo zuri, na bado nasema ni zuri. Wewe ulikuwa na simu yako ndogo, kabambe yenye tochi, ukacheka: "Hii yangu inajua kupiga tu." Nikakwambia usijali, nitakusomea.

Na kweli nilikusomea. Kitale wakiuliza mbona mahindi yanatoka makavu juu na mabichi chini, nilikuja mbio na simu hadi kwenye mtambo. "Waambie wamejaza sana," ulisema. "Wapunguze, hewa ipite." Siku nyingine ulichukua chupa yako ya chumvi, ukatia punje, ukatikisa, ukanionyesha chumvi ilivyong'ang'ania kioo: bado kuna maji. Nikapiga picha, nikaandika. Makofi yakajaa kwenye kioo cha simu, yote chini ya jina langu.

Mara ya kwanza nilikusudia kuongeza kwamba ni wewe uliyesema. Haki ya Mungu, nilikusudia. Lakini meneja wa kampuni alikuwa ameshaandika, "Nekesa ni kichwa," nami nikaonja utamu wake. Nilipokuambia kwamba sikutaja jina lako, ulisema, "Andika tu, bana. Si bora mahindi isiharibike?" Nikajifanya hiyo ni ruhusa ya siku zote.

Kisha ukaja wakati wa kupunguza watu. Meneja akafungua kundi kuangalia nani anachangia na nani yuko kimya. Jina lako halikuonekana hata mara moja. Akaniuliza mimi, ana kwa ana, "Huyu mzee bado anafanya nini hapa?" Mdomo ninao. Nikajibu, "Anasaidia-saidia tu."

Hivyo tu, Baba Nafula. Miaka yako yote kwenye ule mtambo, na mimi nikasema hivyo.

Ukaachishwa kazi, ukarudi Kabuchai kwenye miwa yako, na kabla mwaka kuisha ukatutoka. Ni moyo, walisema. Sijui kama mimi... hapo siwezi kumaliza.

Kwenye mazishi Mama Nafula alinishika mkono akaniketisha na familia. "Huyu ndiye alikuwa anasomea mzee wangu simu," aliwaambia wageni, akanishukuru mbele yao. Nikainama, nikala chakula chake. Tangu siku hiyo sijapata raha.

Leo asubuhi nilirudi nyuma kwenye kundi, jibu moja baada ya jingine, na chini ya kila moja nikaandika jina lako: hili ni la Mzee Wanyonyi wa Kanduyi. Mwishoni nikaandika nilichomjibu meneja siku ile. Hakuna aliyepiga makofi. Jamaa mmoja wa ghala la Myanga akaandika, "Sisi tulikuwa tunajua. Tulikuwa tunangoja useme." Nililia hapo hapo kwenye kiti changu. Meneja ameniita ofisini kesho, na nitaenda. Hata akininyang'anya cheo, sina la kubisha.

Ninachoogopa ni Jumamosi. Nitakuja Kabuchai, niketi mbele ya Mama Nafula, nimwambie kwa mdomo wangu ni kwa nini ulirudishwa nyumbani. Sitampigia simu, wala sitamtuma mtu. Akinifukuza, nitatoka kimya.

Hilo ndilo ninalokuahidi. Pumzika, mzee wangu. Msamaha wako sitauomba kabla sijaomba wake.

Nekesa