Breki Ziko Mkononi Mwangu

Job! Job, hushiki simu, basi sikiliza hii voice note! Nadhani nimeua mtu.

Ile pikipiki yangu kubwa ya safari, asubuhi nilitaka kuibadilishia breki pedi. Nikazitoa zote, mbele na nyuma, nikazibeba hadi soko la Custom kama sampuli. Si unajua bila sampuli wanakuuzia chochote.

Sebit wa duka la spea akaleta aina mbili. Ngumu, zinadumu lakini zinakula diski. Laini, zinashika poa lakini kwa hili vumbi la Juba haziendi mbali. Tukabishana weee, mpaka wapita njia wakaingilia.

Katikati ya hayo Konga akapiga, si huyo tunakaa naye nyumba moja Nyakuron. Anaomba pikipiki ampeleke mamake kliniki. Nikamwambia chukua, funguo iko juu ya friji. Job, NILIMWAMBIA CHUKUA. Nikakata simu nikarudi kubishana.

Ni Sebit aliniuliza: "Na pikipiki yenyewe umeacha wapi?"

Nikaangalia mkono wangu. Breki zote za hiyo pikipiki nimezishika mimi!

Nampigia Konga, hashiki. Nampigia tena, hashiki. Niko kwa boda narudi na hizi pedi bado nimezikamata, sijui hata za nini sasa.

Juu ya friji. Mdomo wangu mwenyewe ulisema juu ya friji.

Imeshikwa! Lakini si Konga. Ni mtu simjui, na nyuma yake watu wanapiga kelele. Ananiuliza: "Wewe iko mtu ya huyu kijana, ama ya huyu mama?"