Aliyeichora na Aliyeijenga

4 Machi

Umeitengeneza! Dawa umeitengeneza, na watu wote wameshajua, maana niliyewatangazia ni mimi!

Haya, sasa salamu. Hujambo mwanangu? Kifua kimepona? Unakula, au unakunywa chai tu kama marehemu baba yako? Mimi mzima kama chuma, ila magoti, na magoti si ugonjwa, ni umri. Mama yako mdogo anakusalimu.

Ujumbe wako ulinikuta hapa kwenye ufuaji wa hospitali, nimeshika shuka bichi pembe mbili, mwenzangu wa pasi kashika pembe mbili, tunakamua. "Mama, hatua ya ishirini na nne imekamilika, ninayo mkononi." Nikaliachia, mwenzangu akaanguka na shuka lake. Sikumwinua. Nilipanda moja kwa moja hadi wodi namba sita, ile ya vidonda, ambayo mashuka yake yanatushukia na usaha wa kijani na dawa zote zimeshagoma. Nikamwambia sista mkuu, "Vumilia, mwanangu ameshapika." Akauliza, "Lini?" Nikamjibu, "Karibuni."

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza, "Mama subiri, Mama subiri." Karatasi hainikatizi.

Nisahihishe, nisije nikababaika nikiulizwa. Nimewaambia hivi: kuna kijidudu cha udongoni kinachotengeneza dawa ya kuulia vijidudu wenzake, lakini ni bahili, kinatoa kiduchu. Wewe umeijenga dawa ileile kwenye chupa, kipande kwa kipande, bila kumwomba yeye. Ndivyo?

Mamako anayetembea kifua mbele

19 Machi

Shikamoo Mama. Kifua kimepona, na ninakula, naapa. Msalimie mama mdogo. Pole kwa magoti, na mwenzako wa pasi mpe pole yangu.

Umeeleza vizuri kuliko nilivyoeleza mimi mbele ya walimu. Lakini Mama, subiri. Leo hata karatasi itakukatiza.

Nilianza na gramu mia mbili, nikaishia na miligramu kumi na moja, vumbi jeupe tu chini ya kichupa. Ndivyo kazi hii ilivyo. Kila hatua unachemsha, unapoza, unachuja, na kila ukichuja kuna kinachopotea. Miaka minne. Juzi nikaweka tone kwenye sahani ya bakteria. Ukiweka dawa ya kijidudu chenyewe, bakteria wanakufa na linabaki duara safi. Niliyoijenga mimi haijaua hata mmoja. Nadhani wamenenepa.

Tuna mashine inayochora kila molekuli kwa vilima vyake vya mistari, kama alama ya kidole. Vilima vyangu na vya kijidudu vinalingana vyote isipokuwa viwili.

Mwalimu wangu anasema nimekosea mahali. Mchoro wa umbo la dawa niliofuata ulichorwa na Profesa mmoja mkubwa miaka thelathini iliyopita, umo kwenye vitabu vyote, na huyohuyo ndiye atakayenitahini. Nimepewa hadi mwisho wa Mei nisaini kwamba kosa ni langu, nichukue cheti cha chini badala ya shahada ya uzamivu, niondoke.

Nadhani nitasaini, Mama. Nimechoka. Tafadhali usimwambie mtu mwingine chochote.

Mwanao

27 Machi

Weka kalamu chini! Ukishaiweka ndipo nikuitikie: marahaba.

Nina swali moja, nijibu hilo tu. Kabla yako wewe, nani mwingine amewahi kuijenga dawa hiyo? Huyo Profesa aliijenga, au aliiangalia tu akachora? Maana kuchungulia nyumba dirishani ni kitu kimoja, na kupanga matofali yake ni kitu kingine.

Sijakuhadithia nilivyoandikiwa onyo. Ulikuwa mdogo. Mkuu wa ufuaji alidai napeleka mashuka ya watoto chumba cha upasuaji. Siku ya kwanza nikaomba radhi. Siku ya pili nikaomba radhi. Siku ya tatu nikajiuliza, hivi mimi ni mjinga siku zote tatu? Nikachukua shuka moja nikalifuata kwa miguu yangu kutoka stoo hadi kitandani. Kumbe lebo zilishonwa vibaya stoo, tangu siku ya kwanza. Na kitu kikishashonwa, mwanangu, watu hawakibishii tena. Wanambishia aliyekibeba.

Sisemi wewe huwezi kukosea. Uliwahi kuunguza maji. Nasema usiombe radhi kabla hujafika stoo.

Mwenzangu wa pasi ananicheka: "Dawa ya mwanao bado iko jikoni?" Nikamwambia, "Ipo, na siku ikiiva wewe utapewa ukoko."

Mamako

10 Aprili

Shikamoo Mama. Hali yangu nzuri kidogo.

Jibu ni hakuna. Hakuna aliyewahi kuijenga. Profesa alipata chembe yake akaipima kwa mashine za enzi zile, akachora. Swali lako nikalipeleka kwa Mwalimu vilevile lilivyo. Akacheka, "Mama yako ni mkemia?" Nikamwambia ni dobi, na dobi ndiye anayejua doa limeanzia wapi. Hakucheka tena, ila hakubadili tarehe.

Nikarudi kwenye mchoro. Vilima viwili vinavyonigomea vyote vinatoka jirani na kaboni ya kumi na moja. Pale Profesa alichora oksijeni ikielekea chini. Je, kama kweli inaelekea juu? Kwa macho ni kitu kidogo, lakini kwa bakteria ni kama kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Ipo mbinu ya kuigeuza. Nina akiba ya hatua ya kumi na tano kwenye friza, chini ya gramu moja. Naweza kuigeuza hapo, kisha nirudie hatua tisa zilizobaki. Kichupa kimoja kikiniponyoka, basi.

Sijasaini. Sitaandika mpaka nimalize.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu, hujambo? Najua ulisema hutaandika. Mimi sikusema.

Mei imekwisha. Wamekufukuza? Ukifukuzwa njoo, chumba chako nimekipaka rangi. Usipofukuzwa, kaa hapohapo uwasumbue.

Wodi sita nimepanda mwenyewe. Nikamwambia sista, "Nilikutangazia mapema, hilo kosa ni langu na nalibeba. Mwanangu ameambiwa amekosea naye anabisha, na mimi niko upande wake." Akauliza, "Na kama kweli amekosea?" Nikamwambia, "Basi atakuwa amekosea akiwa amesimama."

Mamako

15 Julai

Wamekufa, Mama! Bakteria wote wamekufa! Duara jeupe pe!

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Mwisho wa Mei ulinikuta hatua ya ishirini. Mwalimu akaja na karatasi, nikamwambia mbele ya wenzangu, "Sisaini kosa ambalo hujanionyesha." Akaniondolea meza yangu, ila ufunguo wa maabara hakunidai, na mimi sikumkumbusha. Nimefanyia kazi kwenye beseni la kuoshea chupa wiki sita. Nimepata miligramu tano. Vilima vyote vinalingana, vyote, nimepima mara tatu, na mara ya tatu ni kwa mashine ya idara nyingine, wasije wakasema nimeibembeleza.

Mwalimu sasa ananiamini. Ila anataka nitetee kazi yangu faraghani, watahini watatu tu, na niandike "tofauti ndogo" ili tumsitiri Profesa. Nimesoma kanuni: mwanafunzi ana haki ya kuomba mlango wazi. Nimeomba. Na nimeandika, "Mchoro umekosewa kwenye kaboni ya kumi na moja." Profesa hajajibu neno.

Mama, sista asisubiri. Kutoka kichupa changu hadi kitandani kwa mgonjwa ni miaka, na huenda isifike kabisa. Mwambie ukweli huo.

Tarehe ni 22 Agosti, Alhamisi, saa nne asubuhi. Ukumbi una viti arobaini. Hapa watu wanamwogopa Profesa, na wengi wameshaniambia siku hiyo wana kazi. Utakuja?

Mwanao

24 Julai

Unaniuliza kama nitakuja? Swali gani hilo la kumuuliza aliyekuzaa?

Marahaba, marahaba, marahaba. Nimelia, nikafua, nikalia tena.

Sista nimemwambia, miaka. Akasema, "Wodi hii haihami. Na huyo binti siku hiyo asisimame peke yake." Amebadilishana zamu. Mama yako mdogo anakuja na mumewe, ambaye haelewi kitu lakini ana kimo. Mwenzangu wa pasi anakuja, amesema atakaa mbele. Zamu nzima ya asubuhi ya ufuaji inakuja, tumeshaomba ruhusa, na mkuu aliponuna tukamwambia atafute wa kumfulia. Mpaka sasa tumefika thelathini na wanne. Waliobaki nawatafuta.

Profesa naye aje. Mimi simchukii, maana aliona mbali kwa macho tu. Lakini lake la kusema alisemee hapo, mbele yetu, na wewe umjibu kwa sauti ya kutufikia sisi wa nyuma. Shikilia neno lako vilevile ulivyoliandika. Wakifunga mlango, tutaugonga mpaka wasisikizane.

Alhamisi, tarehe ishirini na mbili Agosti, saa nne kamili asubuhi. Tunakuja wote.

Mamako