Usiruke Penye "Mnunuzi Akifa"

Kaloleni, Kisumu
Mvua za masika zikiisha

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Nakuamkia kwa heshima na mapenzi, nikijua salamu hizi zinakufikia kwa mdomo wa Mwanaisha. Mwanaisha mdogo wangu, soma polepole, usimeze maneno kama ulivyozoea. Goti linaendeleaje, mama? Yale mafuta ya kuchua niliyompa dereva wa basi yalifika, au alijichua nayo yeye? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila homa ilinilaza kidogo mwezi uliopita, maana mbu wa ziwa hili hawana haya. Bado nakaa Kaloleni, na kabla hujauliza tena, si ile Kaloleni ya kwa Wagiriama. Hii ni mtaa wa nyumba za manispaa, hapa hapa mjini. Samaki nakula mpaka nashiba kuwatazama. Lakini nazi, mama! Nazi huku naitafuta kama dawa, na nikiipata ni kavu.

Sasa nijibu barua yako. Umesema yuko bwana anayepita nyumba kwa nyumba hapo Malindi akikopesha mafriji, nawe unalitaka moja uuze maji baridi na barafu za ubuyu. Anasema utie kidole tu, hayo mengine kwenye karatasi ni maneno ya ofisi. Umeniuliza mimi kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Ningeweza kukujibu ndiyo au la nikamaliza, lakini limenikuta jambo, na nataka ulisikie kwanza.

Unajua tunauza vitu kwa kulipa kidogo kidogo: redio, baiskeli, vyerehani. Mimi karani wa duka, kazi yangu ni kujaza karatasi na kumpa mteja atie sahihi. Nyuma ya karatasi kuna masharti, Kiingereza kitupu, herufi zimebanana mpaka macho yanauma. Tangu nianze kazi nina tabia ya kumsomea mteja kwa Kiswahili. Wallahi mama, hawataki! Mmoja anatazama saa. Mwingine ameikumbatia redio yake tayari, ameshasikia nyimbo kichwani. Mzee mmoja wa Manyatta aliniuliza, "Kwani wewe umeona mimi nafanana na mwizi?" Kwake kusomewa masharti ilikuwa ni kushukiwa. Nimefikiri sana juu ya hili. Mtu akishakipenda kitu, maneno yote anayaona ni ya kumchelewesha.

Basi mwaka huu alikuja bwana mmoja, Ochieng, kuli wa bandarini, na mkewe Mama Apiyo. Watu wa mtaa wa Nyalenda. Mama Apiyo ni fundi wa nguo za shule na alikuwa akishona kwa cherehani cha kuazima. Karatasi ilikuwa ya jina la mume, maana yeye ndiye mwenye mshahara. Nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye sharti kwamba cherehani kisihamishwe kutoka nyumba iliyoandikwa bila barua ya duka, Mama Apiyo akacheka. "Tuhame twende wapi na hii Nyalenda yetu?" Tukacheka wote. Halafu nikasoma, "Mnunuzi akifa," na Ochieng akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Wacha hapo, Bwana Athumani. Mimi nimekuja kununua mashine, sijakuja kununua sanduku."

Nikamwambia ni sharti moja tu, mistari michache.

"Hata kama ni moja. Hiyo maneno ukiita, inasikia."

Mkewe akamuunga mkono, tena kwa mzaha, akaniambia nikaoe kwanza ndipo nizungumze habari za kufa. Ochieng akatia sahihi. Cherehani kilibebwa kichwani mpaka Nyalenda, na majirani wakakifuata wakiimba. Hawakuwahi kuchelewesha malipo hata mara moja.

Baada ya miezi si mingi Ochieng akaugua kifua, akafa. Innalillahi. Sikuwa hata na habari, mpaka nikasikia kwa mteja mwingine.

Huku, mama, mtu wa kwao hazikwi mjini. Hata awe ameishi Kisumu tangu utoto, maiti hurudishwa nyumbani kwa wazazi wake, na akiwa na boma lake kule anazikwa humo. Basi ndugu walikuja na lori, wakapakia sanduku, na pamoja na sanduku wakapakia kila kilichokuwa ndani ya nyumba: kitanda, sufuria, viti, na cherehani. Ukiacha vitu vya marehemu mjini ni kama umemwacha nusu yake. Nani katika kilio kile angekumbuka barua ya duka?

Tajiri wangu hakuwa na kilio. Alipata habari kwamba chumba cha Nyalenda ki wazi, akaniita. "Chukua pikapu, ukalete cherehani changu. Wamevunja masharti."

Nikaenda. Ningefanyaje? Mimi na dereva tukafuata barabara ya ziwani, karatasi iko mfukoni, na njia nzima naomba pikapu ipasuke tairi. Haikupasuka, gari la aibu halipasuki tairi. Tulipofika bomani tukakuta wanaume wamekaa kwenye viti vya kukodi, matanga bado hayajaisha. Cherehani kiko barazani kwa mama mkwe wa Mama Apiyo, kimefunikwa shuka la maua. Odhiambo, mdogo wa marehemu, akaona jina la duka ubavuni mwa gari, akasimama.

"Umekuja kuchukua kitu ya marehemu hata machozi haijakauka?"

Nikawapa pole, mama. Wanaume walishaanza kusimama mmoja mmoja. Ndipo Mama Apiyo akatoka nyumbani kwake. Amekonda, nguo nyeusi, hata sauti si ile niliyoijua. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Athumani, pale alikukataza kusoma, kulikuwa na nini?"

Nikaitoa karatasi. Nilisoma nimesimama katikati ya watu, na Odhiambo akawa anamtafsiria mama yake kwa Kijaluo. Mnunuzi akifa, mjane wake anaweza kuendelea na mkataba kwa jina lake mwenyewe, akitia sahihi mbele ya karani wa duka kabla ya mwezi kwisha. Asipofanya hivyo, kitu kinarudi dukani, na kilicholipwa kinahesabiwa kuwa ni kodi ya kukitumia.

Mama mkwe akasema kitu, na Odhiambo akanitafsiria.

"Anauliza, hiyo karatasi ilijua mtoto wake atakufa?"

"Mwambie hapana. Iliandikwa kwa kila mtu."

"Anasema, basi mngeisomea kila mtu."

Nilitaka kujibu kwamba nilisoma na mwanawe akanikataza, lakini unamwambiaje hivyo mama aliyefiwa? Mama Apiyo akajibu mwenyewe. "Alisoma, mama. Ni sisi tulicheka."

Sasa sikiliza. Mjane huku hatoki kwenda kwa watu mpaka mambo yote ya kufiwa yakamilike. Hata kwa jirani haingii, sembuse dukani Kisumu. Angesubiri mila iishe, mwezi wa duka ungeisha kwanza. Angevunja mila afuate duka, huo mkosi nani angeubeba? Na mwezi wenyewe ulikuwa ukingoni. Nikasimama pale nikiirudia ile mistari, "mbele ya karani wa duka, mbele ya karani wa duka," kama mwanachuo mbele ya mwalimu wake. Karani ni nani? Si mimi? Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima iwe dukani!

Karatasi mpya nilikuwa nazo garini. Tukafunua shuka, nikaziweka juu ya meza ya cherehani chenyewe. Nikamwonyesha pa kutia sahihi. Akaniondoa mkono.

"Anza mwanzo. Soma yote."

Nikasoma yote, na watu wote pale wakasikiliza, wazee kwa vijana. Katika miaka yangu yote ya kazi, sijapata kusikilizwa vile. Nilipofika "Mnunuzi akifa," nikaufunika mstari kwa kidole. Maana mnunuzi sasa ni yeye, mama. Nikamwona mama mkwe anamshika bega. Mimi nilitaka kuruka, nakwambia kweli.

"Soma," akasema. "Nina watoto."

Nikasoma. Akatia sahihi, herufi kubwa kubwa za mtu aliyeishia darasa la nne. Mama mkwe akanipa mkono, akaniambia erokamano, yaani ahsante, tukapewa na ugali wa wimbi tukala.

Nikarudi na pikapu tupu. Tajiri alibweka! Nikamwekea karatasi mezani, nikamwonyesha sharti. Akavaa miwani, akasoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Nani aliandika hii?"

"Jina lako liko chini, tajiri."

"Mimi nilinunua duka na karatasi zake," akasema. "Nitakaa nisome lini?" Akanuna mpaka jioni, lakini barua ya kuhamisha cherehani akaitia sahihi. Juzi nimesikia Mama Apiyo anashonea shule ya huko huko nyumbani. Mimi kazi bado ninayo, ingawa tajiri ananiambia nikisoma sana nafukuza wateja. Labda ni kweli. Wengine huondoka.

Nisalimie mjomba aliyenifundisha kuandika, shangazi wa Shela na kikohozi chake, na yule shemeji wetu fundi wa saa, mwambie yangu bado inakimbia. Jirani mwenye mbuzi pia, ingawa mbuzi wake namkumbuka zaidi.

Juu ya friji, mama, sikukatazi. Barafu za ubuyu zako zingeuzwa hata huku. Mwambie huyo bwana awaachie karatasi usiku mmoja, na akikataa, akae na friji lake. Mwanaisha atakusomea yote. Na nakujua wewe. Akifika penye kufa utasema audhubillahi, ruka hapo mwanangu. Mwanaisha, usiruke. Hapo ndipo tutakapokuwepo wewe na mimi, na mama hayupo. Msomee mara mbili, hata akilia.

Na wewe mama, mpaka amalize, kidole chako kifunge kwenye pindo la leso.

Mwanao akupendaye,
Athumani