Kasuku Anasema Bado

Papa,

Nakuandikia nikiwa kwenye kigoda chako, kile chenye mguu mmoja mfupi ulichokataa kukitengeneza miaka yote, fundi mzima wa bunduki za gobori. Hapa nyumbani tu wazima, ila kasuku wako anatuaibisha.

Wewe ndiye uliyemharibu. Kila nilipokuletea mtutu niliousugua asubuhi nzima, kwanza kwa tupa, kisha msasa, kisha kitambaa chenye mawese, ulikohoa, ukafumba jicho moja, ukachungulia ndani kuelekea ziwani, ukasema, "Bado." Sifa sikuwahi kuzisikia kwako. Kazi ikiwa imeisha kweli ulinyamaza tu, ukauegemeza mtutu ukutani. Nimekua nikingoja unyamaze. Ndege naye alikuwa anasikiliza, akalishika neno, sauti na kikohozi.

Siku ya maziko yako Mama alikataa kumwacha kasuku nyumbani, eti naye amefiwa. Padri aliposema sasa tumkabidhi ndugu yetu kwa Mungu, kasuku akakohoa, akasema, "Bado." Kwa sauti yako, Papa. Wachimba kaburi wawili walitimua mbio, na mmoja mpaka leo hajarudia jembe lake. Mama alicheka hadi kilemba kikamwanguka, ndipo akaweza kulia.

Shida ikawa gobori la Papa Mulongo, yule mwindaji wa Pepa. Mtutu wake uliuacha haujasuguliwa. Akaja, akaitazama mikono yangu, akamwambia Mama, "Kazi ya marehemu haiwezi kumalizwa na mwanamuke. Kama haiishe juma hii, nitaipeleka kwa fundi wa Moba." Akienda yeye, wawindaji wote wa Pepa wanamfuata, na karakana yako inafungwa. Baba mdogo alikwisha kuja kupima chumba. Anataka kufuga kuku humu.

Basi nikasugua. Nikiuinua mtutu, kasuku anasema, "Bado." Nilimtukana. Nikamfunika kwa kitenge, akasema bado humo humo ndani ya kitenge. Kinachoudhi ni kwamba kila nikichungulia tena nakuta anasema kweli, kuna kakovu mahali. Nilikukasirikia sana siku hizo, Papa. Fundi gani anakufa kabla ya kumsifu mwanawe hata mara moja?

Juma lilipoisha Papa Mulongo akarudi, akaketi kwenye kigoda chako, akayumba. Nikauelekeza mtutu ziwani mbele ya ndege, tukangoja. Kasuku akakohoa. Papa Mulongo, aliyekijua kikohozi chako, alikuwa ameshaichukua kofia yake. Ndege akanitazama kwa jicho moja, akainama, akaendelea kula karanga zake.

"Anasema nini?" Papa Mulongo akauliza.

Mimi nilikuwa nalia. Mama akamjibu, "Amekwisha kusema."

Papa Mulongo alichungulia mwenyewe, akageuza, akachungulia tena. Aliondoka na gobori lake, na juzi alimtuma shemeji yake naye atuletee gobori la kwake. Kuku watatafutiwa mahali pengine.

Lala salama, Papa. Naahidi karakana haitafungwa, na mguu wa kigoda sitaugusa, maana mteja anayeyumba habishani sana. Kasuku nitamtunza hata akinikera. Na ukizidi kunikumbuka, ukataka kuniita nikufuate huko, jibu langu unalijua.

Binti yako,
Feza