Minyoo ya Bahari Uliyotuachia Masisi

Papa Bonifasi,

Tangu tukuzike, ofisi imepata shefu mpya mahali pako. Mimi ningali karani. Nakuandikia juu ya minyoo yako, maana sina mwingine wa kumuuliza.

Kila asubuhi, kwenye sanduku lao la kioo humo ofisini, nilifanya ulivyonionyesha. Nilijaza upepo mpira wa tairi kwa pompi ya baisikeli, utoke polepole majini kupitia mrija. Kisha nilichukua kijiko cha yale maji ya kijani ya chupa ya dirishani, nikakimwaga karibu na manyoya yao, yale wanayonasia chakula. Karibu, si juu yao. Kivuli cha mkono wangu kikipita, yote minne inarudi ndani ya maganda yake. Ulikuwa unacheka: "Karani, hii njo ndugu zako." Na yule mama muuza maharagwe wa Ngungu, unamkumbuka? "Papa, watu wanakunywa dawa minyoo itoke, weye unailisha!"

Mke wako, Mama Tereza, alikuwa akipita ofisini kuitazama. Akiona maji yamepungua, aliongeza mengine, na kila mara alitia chumvi ya lile kopo aliloliacha yule Mzungu aliyekuletea minyoo. "Bahari inapunguka, naongeza bahari," aliniambia. Nami niliona ni sawa.

Asubuhi moja nikakuta manyoya yote yamekatika, yamelala chini ndani ya sanduku la kioo, kama maua yaliyochumwa. Shefu akasema:

"Imekufa. Mwaga hii kitu, tuweke kabati."

Papa, unajua ninavyoogopa. Siku hizi mtu anafukuzwa kazi kwa neno dogo. Nikajisikia nasema, "Haijafa, shefu."

"Unajua, ao unaogopa?"

"Naogopa. Lakini haijafa."

"Basi iondoe leo. Ikinuka huko unakoipeleka, usirudi hapa."

Sikuwa najua lolote. Mimi na Mama Tereza tuliipeleka nyumbani kwako, maji kwenye madumu, minyoo ndani ya ndoo. Kioo kilipokuwa kitupu niliona ukoko mweupe pembeni. Nikaonja maji, ulimi ukaniwaka. Maji yanakwenda hewani, Papa, chumvi inabaki. Nilisoma hayo shuleni, na sikuyakumbuka.

Nilipomweleza Mama Tereza alijishika mdomo, halafu akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi: "Yoo! Kumbe nimeitia chumvi kama mboga ya sombe!" Kisha akalia, na mimi sikujua niangalie wapi.

Tukaanza kuongeza maji ya mvua tu, kidogo kidogo. Leo, kwenye mdomo wa ganda moja, nimeona kitu kama ndevu za paka, kifupi kuliko ukucha. Manyoya mapya. Nilimwita Mama, tukasimama mbali tusiishtue. Mingine mitatu bado sijui.

Lala salama, Papa. Nakuahidi upepo hautakosa kwenye mpira. Kijiko sasa anakishika Mama Tereza. Shefu ananiuliza kila siku kama inanuka. Kesho nitamwambia imeanza kula.

Mimi, karani wako,
Silvesta