Waliposema Natumia Dawa za Kulevya

Walikale, siku ya Mungu, kisha ibada

Papa wangu mupendwa,

Jambo sana, Papa. Ni mimi Riziki, binti yako wa pili, njo ninakuandikia. Najua macho yako hayawezi tena kusoma, kwa hiyo mudogo wangu Neema njo atakusomea. Neema, soma polepole, na usiruke hata mahali utakapoona haya. Mama naye akae karibu asikie.

Mumeamka namna gani huko kambini Lushebere? Mugongo wa Mama unaendelea namna gani? Hema ilikuwa inavuja upande wa kitanda, mulipata shitingi ingine ya plastiki ya kufunika? Watu wanaotoka huko wananiambia mvua haijaacha hata siku moja, na kwamba maharagi ya kambini yameota muzuri. Hiyo imenifurahisha. Mimi mwili ni muzima. Nilikuwa mugonjwa, nimepona, na ugonjwa huo wenyewe umo ndani ya habari ninayotaka kukupatia.

Papa, kuna jambo pengine limekwisha kufika masikioni mwako. Motari mumoja, mutoto wa jirani yetu wa Ngungu, alipita hapa na pikipiki yake siku jina langu lilipokuwa katika kila kinywa. Kama aliwaambia kwamba Riziki alipimwa akakutwa na dawa za kulevya, alisema kile alichosikia. Lakini kile alichosikia hakikuwa kweli. Wewe ni shemasi, watu watakuuliza kanisani. Nataka upate habari yote kutoka kwangu, tangu mwanzo.

Niliondoka kwenu na maski yako ya kusude, ile ya kuungia chuma kwa moto, ndani ya mufuko, mashini yenyewe ikiwa imebaki Ngungu tulipokimbia, mikononi mwa watu tusiowajua. Nilifikiri Walikale ni muji wa barabara, magari makubwa ya Bukavu na Kisangani yanapita, chuma kinavunjika kila siku, muntu anayejua kuunga chuma hawezi kukosa kazi. Papa, nilikosa kazi miezi saba.

Kwenye karakana ya kwanza mwenye kazi aliangalia nyuma yangu. "Fundi iko wapi?" Nikamwambia ni mimi. Akacheka, akaita wenzake waje kuona. Kwenye shirika moja waliniomba diplome. Niliwaeleza kwamba nilifundishwa na papa yangu tangu nikiwa na miaka kumi na mbili, kwamba vitanda, mageti na mashini za kusaga muhogo za nusu ya Ngungu zilipita mikononi mwangu. Yule wa biro akaandika kitu, akasema, "Tutakuita." Nilirudi mara ine. Mara ya ine nilikuta karatasi ya dosiye yangu imefungiwa mandazi juu ya meza yake. Mahali pengine tuliitwa asubuhi kufanya teste, na orodha ya waliochukuliwa ilikuwa tayari imebandikwa ukutani, wino umekauka kabisa.

Ili nipate chakula nilikuwa natwanga na kuuza sombe, majani ya muhogo, pamoja na Mama Yvette, mama aliyenipa chumba. Kila mara niliporudi bila kazi alikuwa ananiambia, "Oga, kula, kesho unatoka tena." Nilikuwa naoga, nakula, kesho natoka.

Basi ikafika kampuni inayotengeneza madaraja ya chuma kwenye barabara. Walitafuta mafundi wa kusude. Tulikuja watu kumi na mbili, mimi mwanamuke peke yangu. Kapita wao, musimamizi wa kazi, muzee mumoja mufupi asiyesema sana, alitupatia kila mumoja vipande viwili vya chuma kinene na bageti sita, vile vijiti vya kuungia. Nilifanya kama ulivyonifundisha: nilisafisha chuma kwanza mupaka kikang'aa, sikukimbia, nilisikiliza mulio wa moto. Wengine walimaliza mbele yangu. Kapita akapita akigonga kazi ya kila mumoja na nyundo kubwa. Nyingine zilipasuka. Yangu aliigonga mara tatu, akapitisha kidole juu yake.

"Nani alikufundisha?"

"Papa yangu."

"Papa yako iko fundi," akasema, akaandika jina langu.

Neema, hapo urudilie mara mbili.

Tulibaki watu watano. Wakatuambia kesho yake tupimwe na muganga: macho, masikio, damu, na mukojo, kwa sababu kampuni haitaki muntu anayekunywa ao kuvuta kitu apande juu ya daraja. Niliona ni haki. Muntu mulevi akiwa juu na bageti inawaka, anaua wenzake. Sikuwa na woga hata kidogo, Papa. Unajua mimi hata bia ya harusi sijaonja.

Asubuhi ile, kwenye mustari wa choo, mumoja wetu aliniita pembeni. Anaitwa Justin, alikuwa anachimba mawe na kusude vyuma kule porini mbele ya kutafuta kazi hii, na huko walizoea kuvuta bangi ili mizigo isiwe mizito.

"Dada Riziki, weye hauvutake kitu," akanong'ona. "Unipatie nusu tu, nimimine mu chupa yangu."

"Hapana, Justin."

"Niko na batoto batatu, dada."

"Basi ungeacha kuvuta kwa ajili yao. Mukojo yangu haiko ya kugawa."

Akaenda kutafuta pengine. Kisha kungoja saa moja, kijana wa laboratwari akatoka na karatasi, akasimama mulangoni mwa kampuni, mbele yetu wote na mbele ya mama wanaouza ndizi kando ya barabara. Akaanza kusoma kwa sauti kubwa. Justin, muzuri. Wengine watatu, muzuri. Mwishoni akaninyooshea kidole: "Riziki, pozitifu. Dawa ya kulevya. Unaweza kwenda."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Nikamwomba apime tena. Akasema kipimo hakina tumbo la kula rushwa, hakiwezi kusema uongo. Kapita aliniangalia, akavua kofia yake, akaivaa tena, akaingia ndani. Justin alikuwa anaangalia viatu vyake.

Habari ilinitangulia nyumbani. Kwenye soko la sombe wanamuke waliacha kununua kwangu. Kanisani kiongozi wa kwaya aliniambia nipumzike kuimba "mupaka mambo yaeleweke." Mama Yvette alifunga mulango, akakaa chini mbele yangu.

"Mutoto wangu, kama iko kweli, uniambie. Sitakufukuza."

"Mama, hata harufu yake siijui."

Akanitazama sana. "Basi mbona unalia? Mwenye kusemewa uongo anaendaka kujitetea."

Nililia siku mbili, Papa, sitakuficha. Siku ya tatu nilifua nguo zangu, nikaenda kituo cha afya.

Pale kuna enfirmiye anaitwa Papa Alphonse. Yeye njo alinitibu tifoidi. Wiki ile ya teste nilikuwa bado nakunywa vidonge vyake, asubuhi na jioni. Nilimueleza yote. Akafungua kitabu kikubwa cha wagonjwa, akaweka kidole kwenye jina langu.

"Siku ya kupimwa, ulikuwa umekunywa hivi vidonge?"

"Asubuhi ile ile."

"Na hawakukuuliza unatumia dawa gani?"

"Hakuna muntu aliniuliza kitu."

Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba kile kijiti chao cha kupimia mukojo kinapima haraka tu, na kwamba dawa ya tifoidi ya namna ile inaweza kukidanganya, kikasema muntu ametumia dawa ya kulevya. Haitokei kila mara, lakini inatokea. Kwa hiyo njo wanatakiwa kupima tena kwa njia ingine mbele ya kumuhukumu muntu. Aliandika yote hayo kwenye karatasi, akatia sahihi na muhuri. Nilitoka pale na karatasi mukononi. Sikuwa na wazimu, na mwili wangu haukunisaliti.

Kesho yake Justin alikuja kwa Mama Yvette. Alikuwa amekwisha kuanza kazi. Alisimama nje, hakutaka kuingia.

"Dada, nimesikia unataka kupimwa tena. Nitakutafutia mukojo ya mutoto wa dada ya muke yangu. Hakuna atajua. Bote banafanyaka hivi."

Nadhani alitaka kulipa ile haya aliyokuwa nayo. Nikamwambia, "Asante, Justin. Nitapeleka wa kwangu mwenyewe. Nikipita na wa muntu mwingine, nitakuwa kweli kile walichonisema."

Kupeleka karatasi haikuwa rahisi. Zamu, mulinzi wa mulangoni, hakutaka hata kuishika. "Jina yako iko kwenye liste ya bale habaingie." Nilisimama pale siku tatu, tangu asubuhi mupaka wanafunga. Siku moja mvua ilininyeshea yote, karatasi nikaiweka ndani ya maski yako, maski nikaikumbatia kifuani. Siku ya tatu gari ya muganga mukubwa wa kampuni ikafika. Ni mama, anatoka Goma, anakuja hapa mara moja kila wiki mbili. Gari ilipopunguza mwendo ili mulango ufunguliwe, niliingia barabarani nikasimama mbele yake.

Dereva akapiga honi. Zamu akanishika mukono. Yule mama akashusha kioo.

"Kuna nini?"

"Muganga, ni mimi Riziki. Mulisema nina dawa za kulevya. Nilikuwa na tifoidi. Uniazime dakika mbili."

Alisoma karatasi pale pale ndani ya gari, mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole. Kisha akauliza, "Matokeo yako, ulipewa wapi?"

"Hapa mulangoni. Yalisomwa mbele ya watu."

Akafunga macho kidogo. "Maliza dawa zako," akasema. "Nikirudi, utapimwa mbele yangu."

Zile wiki mbili zilikuwa ndefu kuliko miezi saba. Niliuza sombe kwa wale waliokubali kununua. Kanisani nilikaa kwenye benchi ya nyuma nikaimba kutoka pale, hakuna aliyenikataza. Siku ikafika. Enfirmiye mwanamuke alisimama na mimi mupaka mwisho, samahani Papa kwa kusema hivyo, na muganga mwenyewe akaingiza kijiti mbele ya macho yangu. Tulingoja wote watatu. Mustari ukatokea mahali pake. Akachukua kijiti cha pili cha namna ingine, mustari ukatokea tena.

"Hakuna kitu," akasema. "Hakukuwa na kitu. Tunakuomba musamaha."

Nilikuwa nimeandaa neno moja siku nyingi, nikalisema: "Asante, Muganga. Lakini ubaya wangu mulisema mulangoni. Na uzuri wangu museme mulangoni."

Enfirmiye aliinamisha kichwa, nilifikiri nimeharibu yote. Yule mama akavua koti lake jeupe, akalivaa tena muzuri, akatoka na karatasi. Alisimama pale pale yule kijana aliposimama. Wauza-ndizi walikuwapo, zamu alikuwapo, wafanyakazi walikuwa wanatoka kula. Akasema kwa sauti kwamba kampuni ilikosea juu yangu, kwamba nilikuwa nakunywa dawa ya tifoidi, kwamba mimi ni muzima na sina kitu. Akasema tena kwamba tangu siku hiyo hakuna matokeo ya muntu yatasomwa tena nje. Mama mumoja wa ndizi akapiga vigelegele. Mimi nilisimama tu, mikono haikujua pa kwenda.

Nilifikiri nafasi yangu imekwisha kuchukuliwa na mwingine. Nilikwenda kumushukuru kapita tu na kumuaga. Alinikuta njiani.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani, Papa."

"Poste yako iko wazi. Kila siku bananiuliza, nasema bado natafuta fundi. Nilikuwa natafuta nini? Ni weye."

Basi, Papa, niko kazini wiki ya tatu sasa. Ni kazi ya majaribio ya miezi mitatu, kisha wataona. Nina viatu vya chuma na kofia yao, lakini maski ninavaa yako.

Justin tuko naye kwenye ekipe moja, anasude kama mimi. Siku ya kwanza hakuweza kuniangalia. Wakati wa kula nilienda kukaa karibu naye, nikamwambia, "Sitakusema kwa kapita juu ya jambo lililopita. Lakini nikikuona unapanda juu na moshi kichwani, nitakushusha mimi mwenyewe, na hapo nitasema." Aliweka chakula chake chini. Kisha akaniambia ameacha tangu siku ile niliposimama mbele ya gari, kwamba usiku anatoka jasho, hapati usingizi. Sijui kama ni kweli. Ninamuangalia. Nilimupeleka kwa Papa Alphonse aongee naye, na alikwenda kwa miguu yake mwenyewe.

Unisalimie Mama, nguvu ya nyumba yetu. Umwambie asilime mashamba ya watu na mugongo ule, nitaona namna ya kumusaidia. Unisalimie kaka Bahati, mukubwa wetu, na muke wake. Unisalimie shangazi Espérance, aliyetupikia njia yote tulipokimbia kutoka Ngungu. Na pasta wetu, aliyeniwekea mikono nilipoondoka. Neema, asante kwa sauti yako. Usiache masomo, hata kama darasa ni chini ya shitingi.

Kesho tunaanza kwenye nguzo ya katikati ya mto. Maji ya chini ni mengi na ni meusi, na kamba wanayotufunga nayo ni nyembamba kuliko nilivyotaka. Ninaogopa kidogo, Papa. Nitapanda.

Ni mimi binti yako,
Riziki, fundi wa daraja