Daktari Asiyechoma Sindano

Kaka yangu mpenzi,

Huku hatujambo, ila paka wa mama kahamia kwa jirani bila kuaga. Chuo kimenifanya profesa, na mama bado ananitambulisha kwa wageni kama "daktari asiyechoma sindano."

Unajua miaka ishirini natafiti jambo moja: kwa nini watu hawamezi dawa walizoandikiwa? Mama amejaza fomu zangu zote, na kila mara kajibu kwamba anameza. Jumapili nilitafuta kifungo kwenye kopo lake la kushonea, nikakuta vidonge vya presha vya miezi mitatu. Nikatoa kalamu niandike.

"Mama, mbona uliandika unameza?"

"Ulikuja na kalamu, mwanangu. Niliogopa kukuharibia kazi. Iweke chini, uniulize."

Nikaiweka. Kumbe vinamtia kizunguzungu, anaogopa kuanguka bafuni akiwa peke yake. Miaka yote hiyo, kaka, sijawahi kuuliza habari za bafu! Kesho nampeleka abadilishiwe.

Halafu akanikazia macho. "Na wewe, vidonge ulivyoandikiwa mwaka jana, unameza?"

Mkono wangu ukaanza kuitafuta kalamu.

Ukipiga simu, niulize habari za paka tu.

Mdogo wako,
Profesa